Jakaranda: inamisha simu, ua liko chini

Swali limetoka kwa dada mmoja wa komini ya Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile nchi). Ameandika hivi, nimefupisha:

"Jambo Yaya. Kila mwaka jakaranda zikichanua napiga picha, na kila mwaka picha zangu zinafanana na za watu wote: barabara katikati, miti huku na huku, zambarau juu. Safari hii nina Jumapili moja tu, mimi na binamu yangu, toka asubuhi mpaka jioni, na tungependa kutoka kidogo nje ya mji. Nina simu, sina aparei (kamera). Tuende wapi, na tupige vipi, ili mtu akiona ajue hii ni ya kwangu? Halafu kuna mtu ananiuzia aparei ya mtumba kwa dola 250. Ninunue?"

Jambo, mdogo wangu. La aparei nitalijibu mwisho, maana ndilo jepesi.

Kwanza nikutoe wasiwasi: jicho lako halina kasoro. Picha zinafanana kwa sababu sote tunasimama palepale, saa ileile. Misa imeisha, jua limeshapanda, tunajipanga katikati ya avenyu, simu usawa wa kifua, tunabonyeza. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi, tena kwa malipo. Siku moja mteja aliyetaka picha ya kalenda aliweka mezani picha yangu na ya mpiga picha mwingine, akaniuliza ipi ni yangu. Nikachagua. Nikakosea. Nilirudi nyumbani kwa miguu, uso chini kwa aibu, na kwa kuwa uso ulikuwa chini nikaona kitu nilichokuwa nakikanyaga kila Oktoba.

Jakaranda haidondoshi ua lake vipandevipande. Ua ni tarumbeta ndogo ya sentimita 5 hivi, na likianguka huanguka zima, bado bichi, bado na rangi yake. Zulia lile la asubuhi si takataka za mti, ni maua yaleyale yamehama. Huko juu yalikuwa na jirani mmoja tu, mbingu, kwa sababu mti huu huchanua wakati majani yake mengi yameshapukutika. Na mbingu haina anwani. Mti wenyewe si wa hapa: kwao ni Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia, ukapandwa wakati wa ukoloni katika miji mingi ya kusini mwa Afrika. Pretoria imejaa jakaranda, Harare vilevile. Ukielekeza simu juu, picha yako yaweza kuwa ya Pretoria. Ukiiinamisha, ua linakutana na udongo mwekundu, gunia la makala (makaa ya kupikia), kiatu cha mwanafunzi, tandiko la baiskeli. Hapo hakuna wa kuuliza ni mji gani. Ushauri wangu ndio huo. Yaliyobaki ni namna ya kuufuata.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo simu inapowatesa wengi. Umeshaona ua uliloliona zambarau kabisa linatoka bluu, tena bluu iliyochoka kama shati lililofuliwa mara mia? Kuna mambo mawili yanayochangia. Simu yako inajaribu muda wote kurekebisha mwanga ili cheupe kionekane cheupe. Ikikuta rangi moja imejaa fremu nzima, inadhani mwanga ndio wenye kosa, basi inaivuta rangi hiyo upande wa pili. Ingia kwenye mipangilio ya mkono, ile ambayo simu nyingi huiita Pro, utafute mizani ya weupe, uiweke kwenye alama ya jua au ya mawingu, isiendelee kujichagulia. Kama simu yako haina sehemu hiyo, ingiza kitu cheupe au cha kijivu pembeni ya picha, ukuta au kitambaa, nayo mara nyingi itatulia.

Jambo la pili ni jirani. Zambarau na bluu ni ndugu wa tumbo moja. Ukiziweka pamoja, mbingu inalimeza ua. Mtafutie ua jirani wa mbali. Udongo wetu mwekundu unafaa sana, tena ukiwa na unyevu. Ukuta wa matofali unafaa. Makala meusi yanafaa kuliko vyote: weka ua moja juu ya gunia la makala na utaona zambarau ambayo hujawahi kuiona mtini. Na kama lazima upige kuelekea juu, subiri wingu zito la mvua. Wingu jeusi nyuma ya jakaranda iliyomulikwa na jua la pembeni huja mara chache, dakika tano au kumi, na aliyekaa ndani akisubiri mvua ipite ameikosa.

Kinachochosha ni mbingu nyeupe ya moshi. Septemba mnajua wenyewe hali ya hewa yetu: pori linachomwa, vumbi la kiangazi halijatulia, jua linachomoza kama sarafu ya shaba. Mbele ya mbingu hiyo, simu inalitia ua giza. Gusa ua kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ifunge hapo, kisha pandisha mwanga kidogo. Moshi huohuo nao una faida yake: dakika 20 za kwanza za asubuhi unaweza kulipiga jua likiwa jekundu nyuma ya matawi, laini.

Sasa tarehe. Shuleni walitufundisha printemps, majira ya machipuko ya Ulaya, tukaandika insha juu ya msimu ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuuona dirishani. Kwetu kiangazi kinashika Mei hadi Septemba, mvua za kweli ni Novemba hadi Machi, na Oktoba iko njiani, ya joto na ngurumo za ahadi. Wewe chagua Jumapili ya mwisho ya Septemba au ya kwanza ya Oktoba. Jakaranda zitakuwa hazijafika kilele, nakubali. Lakini ukisubiri kilele, utakosa kitu kingine huko porini ambacho kwa maoni yangu ni kizuri zaidi, nami nitakifikia.

Amkeni mapema kweli. Wakati huo wa mwaka jua linachomoza karibu saa kumi na mbili kamili, na zulia huwa zima mpaka wenye mafagio wafike. Mafagio hayachelewi. Msitafute avenyu ndefu. Tafuteni mti mmoja ambao chini yake kuna mtu anayefanya kazi.

Mwaka jana nilimkuta mama wa vitumbua chini ya mti wa namna hiyo. Unga uliochachuka uko kwenye beseni, umefunikwa kitambaa cheupe. Upepo ukipita, ua moja, mawili, yanatua juu ya kitambaa. Alikuwa anayaokota kwa vidole viwili vyenye unga na kuyapanga pembeni ya jiko, mbali kidogo na moto. Nikanunua vitumbua, nikala palepale, tukaongea habari ya bei ya mafuta, ndipo nikamuuliza kwa nini hayatupi. Akaonyesha kwa kidevu nyuma yake, ambako mtoto alikuwa amelala juu ya kitenge. "Akiamka atayataka." Na kweli mtoto aliamka, akavisha kila kidole ua lake, vidole vitano, kucha tano za zambarau, akamwonyesha mama yake. Niliomba ruhusa, nikapiga mkono tu. Hamna uso, hamna mti. Nyuma ya mkono kuna makala na moto mdogo. Sijawahi kupiga jakaranda nzuri kuliko hiyo, na mti wenyewe haumo.

Angalia mpangilio wa mambo hapo: kwanza kununua, kisha kuongea, simu mwisho. Mjini kwetu simu ikitangulia, mtu anafunika uso, ana haki.

Kwa kupiga vya chini, geuza simu kichwa chini. Jicho la kamera liko juu ya simu. Ukiigeuza linakuwa sentimita moja au mbili tu kutoka ardhini. Ua la kawaida linakuwa kengele ya kanisa, na miguu ya wapita njia inakuwa nguzo nyuma yake. Simu yenyewe itaigeuza picha ikae sawa. Futa lenzi kwanza kwa pamba au fulana safi; nusu ya ukungu unaolaumiwa simu ni mafuta ya vidole. Usivute kwa vidole viwili, sogea mwenyewe. Na kabla ya kupiga magoti, tazama nyuki: wanaendelea kunywa kwenye maua yaliyokwisha kuanguka, tena wanaingia ndani kabisa ya tarumbeta, huwaoni. Nimeumwa kiwiko na goti, siku moja.

Kama usiku uliotangulia mvua ya kwanza imenyesha, achana na yote niliyosema na utafute teksi iliyolala chini ya mti. Maua hunata kwenye kioo cha mbele. Mwombe dereva uingie, kaa kiti chake, ufunge ulengaji kwenye maua ya kioo, na uache barabara iwe ukungu wa rangi nje. Ukimkuta dereva anataka kuwasha waipa, mwambie asubiri dakika mbili. Wengi watacheka na kukubali, hasa ukiwa umeshasema unakwenda naye.

Saa mbili asubuhi funga kazi ya mjini. Mwanga umeanza kukauka, na watu wa avenyu wanaanza kufika na nguo zao za Jumapili.

Sasa pori. Shika barabara ya Likasi. Ni kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi mpaka Likasi, lakini huendi kwa ajili ya mji. Unakwenda kwa ajili ya miombo, msitu wetu wa asili, iliyo njiani. Usitarajie kuikuta ukitoka tu mjini, maana makala tunayopikia yameisogeza mbali mwaka hadi mwaka. Utapita kwanza magunia yaliyopangwa kando ya barabara, kisha vichaka, na taratibu miti mirefu inaanza kurudi.

Hapo ndipo utaona kitu nilichokuahidi. Miombo haisubiri mvua. Kwenye joto la Agosti na Septemba, ardhi imekauka inapasuka, miti ya muputu na mutondo na ndugu zao inatoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Na majani hayo si ya kijani. Yanatoka mekundu ya damu ya mzee, ya waridi, ya hudhurungi, ya shaba, yananing'inia laini kama nguo iliyoanikwa. Wekundu huo unatokana na anthosianini, dutu ambayo jani changa huwa nayo kabla ukijani wake haujakomaa. Wiki chache baadaye yote yamekuwa kijani, na mtu aliyepita njia hiyo mwezi Novemba hawezi kukuamini. Wageni huuliza yale ni maua gani. Si maua, lakini kama kuna kitu Katanga kinachostahili jina la printemps, ni hicho, nacho hakuletwa na mtu kwa meli.

Hapa nakuruhusu utazame juu. Adhuhuri, saa ambayo kila mpiga picha anakwambia ukalale, jua letu linakaribia kuwa wima. (Mwishoni mwa Oktoba, karibu tarehe 24, linapita utosini kabisa Lubumbashi.) Jua wima linaharibu uso wa mtu: macho yanakuwa mashimo. Lakini jani jembamba jekundu likimulikwa kutoka juu, nawe uko chini yake, linawaka kama kioo cha rangi dirishani mwa kanisa. Lala chali kwenye kitenge. Shusha mwanga wa picha kidogo badala ya kuupandisha, la sivyo wekundu utageuka waridi la pipi. Tafuta mahali ambapo majani ya miti miwili ya rangi tofauti yanakutana.

Ukitaka kuyafikia majani kwa usawa wa jicho, panda kichuguu. Vichuguu vyetu ni virefu kwa mita kadhaa, vingine vina miti juu yake, na kutoka kileleni unaona pori kama mtu aliyesimama darini. Gonga kwa fimbo kwanza, nyoka nao wanavipenda. Na ukimpiga binamu yako akiwa juu ya kichuguu, kumbuka udongo wa vichuguu ndio unaofyatuliwa matofali ya nyumba nyingi za Lubumbashi. Mimi ningempiga hapo asubuhi, halafu jioni kwenye ukuta wa nyumbani kwenu, picha mbili zikae pamoja.

Macho yawe wazi pia kwa mti mfupi wenye gome nene la nyufa kama kizibo, hauna jani hata moja, umeshika maua mekundu ya moto kwenye ncha za matawi. Wengine huuita mulunguti. Ndege wadogo wanyonya asali hukaa hapo kutwa. Simu haitawafikia ndege, usipoteze muda. Piga kivuli cha matawi matupu ardhini pamoja na ua lililoanguka.

Usafiri: mkiwa wawili tu, teksi-basi ya Likasi itawashusha mnapotaka lakini kurudi ni bahati. Tafuteni wengine watatu mkodi gari, au mshuke kwenye kijiji chenye soko kando ya barabara, mkajitambulishe kwa mkubwa wa kijiji kabla ya kuingia porini. Kujitambulisha huko si adabu tu. Kuna maeneo mengi ya migodi upande huo, na mtu anayezunguka na simu mkononi anafikiriwa mengine. Saa tisa muwe mnaanza kurudi, jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni na barabara ile ina malori.

Na hili naomba uniamini bila kujaribu mwenyewe. Kambi za jeshi, ofisi za serikali, madaraja, uwanja wa ndege, vizuizi vya barabarani, geti la kampuni ya madini, malori yaliyojipanga: simu mfukoni, hata kama ua zuri kuliko yote duniani limeangukia hapo. Niliwahi kuinama kupiga maua mbele ya geti fulani, nimeelekeza kamera ardhini, nikijiona mjanja. Mlinzi hakuona ua, aliona kamera. Nilikaa kwenye benchi lake saa tatu, nikaondoka bila kadi ya kumbukumbu, na ndani ya kadi ile kulikuwa na harusi ya watu. Wale bwana na bibi harusi mpaka leo sijui niseme nini mbele yao.

Kuna wazo moja zaidi, la nyumbani, na ni la bure. Muulize mama yako au shangazi kama kuna picha ya zamani ya familia iliyopigwa chini ya jakaranda. Lubumbashi nyumba nyingi zinayo: ubatizo, kumaliza shule, babu na suti. Tafuteni mti wenyewe, au avenyu ileile, shika picha ile mkononi mbele ya mti wa leo, na usubiri ua liangukie juu yake. Wazo la kukutanisha picha ya kale na mahali pa leo si geni mjini kwetu. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa mwaka 1978, aliwatoa watu kwenye picha za wakati wa ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya shaba, na kazi hiyo ikamfikisha mbali. Yeye na wenzake ndio walioanzisha kituo cha sanaa kiitwacho Picha, ambacho toka 2008 kinaandaa maonyesho makubwa ya sanaa mjini. Wewe huhitaji kompyuta wala magofu. Unahitaji babu yako na ua moja.

Nasikia utaniuliza pia kuhusu lile ua la shaba, Haumaniastrum katangense, ambalo wanajiolojia walilifuata kutafuta madini na ambalo huota hata pale wazee walipoyeyusha shaba kabla ya Wazungu kufika. Hilo huchanua mvua zinapoisha, si sasa. Niandikie tena Machi.

Kuhusu aparei: usinunue. Kwa mambo yote niliyoyaeleza hapo juu simu inatosha, na chini ardhini inashinda kamera kwa sababu ni nyembamba. Ukiona roho haitulii, basi nenda kaikague mchana, si usiku. Fungua lenzi uielekeze kwenye mwanga, utazame ndani kama kuna nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Huo ni ukungu unaoota kwenye vioo vilivyokaa mahali penye unyevu, na kuusafisha kwa fundi kunaweza kukugharimu kuliko unavyofikiri. Piga picha 20 mfululizo uone kama betri inashuka ghafla. Muuzaji akikataa usifanye hivyo, amekwisha kukujibu. Mimi katika hizo dola 250 ningetoa kwanza za betri ya akiba ya kuchajia simu, maana kwa mchana mzima wa picha simu yako haitafika saa nane, na nauli ya gari la kukodi. Nyingine kidogo, zile za vitumbua, ziwe chenji ndogondogo. Yule mama hana chenji asubuhi.